Roli la Kitonga Kiganjani

Mwanakhamisi binti Halfani alikuwa wa kwanza katika ukoo wao kufanya kazi na kompyuta, na baba yake hakuchoka kulitangaza jambo hilo pale Iringa. Kompyuta yenyewe ilikuwa Dar es Salaam, katika ofisi moja ya serikali. Ilijaza chumba kizima, na chumba kilipozwa mpaka wafanyakazi wakavaa masweta. Mwanakhamisi, mtoto wa Kihesa, mtaa wa Iringa kwenye baridi, aliiona baridi ile ya kawaida tu.

Kazi yake ilikuwa kuilisha mashine kadi zilizotobolewa. Kazi zikiisha, yeye na mwenzake Liberatus, mtu wa Mbeya, waliitungia mchezo. Mzee Halfani alikuwa ameendesha roli kati ya Mbeya na Dar tangu enzi za vumbi, na binti yake alikua akisikia habari za mteremko wa Kitonga. Basi mchezo ukawa huo. Roli limesheheni mchele wa Chimala, liko juu mlimani. Unaiambia mashine unakanyaga breki kiasi gani, nayo inachapa mwendo na umbali uliobaki. Ukikanyaga mno, breki zinapata moto na kulegea. Ukizembea, karatasi inatoka imeandikwa: ROLI KORONGONI.

Mwaka 1975 mashine ile ilizeeka, ikaondolewa. Mwanakhamisi alirudi kwao kufundisha hisabati katika shule ya wasichana. Liberatus naye akarudi Mbeya. Watu walipomuuliza Mzee Halfani habari za kompyuta ya bintiye, alijibu kwa mkato, “Ilikwisha,” akageuza mazungumzo.

Miaka mitatu baadaye kaka yake Mwanakhamisi, Selemani, alirudi kutoka masomoni Ujerumani na zawadi ya kikokotoo cha mkononi. Hakikuwa cha kujumlisha na kutoa tu. Kiliweza kushika maagizo na kuyafuata chenyewe.

“Kitakusaidia kusahihisha madaftari,” Selemani alisema.

Lakini Mwanakhamisi alikuwa anafikiria Kitonga.

Haikuwa rahisi. Kikokotoo kilimeza maagizo machache mno, na hakikujua herufi hata moja. Kwanza aliliacha joto la breki ili programu ienee. Ikaenea, lakini mchezo ukapooza. Hata mtoto angeshuka salama kwa kukanyaga tu. Akaufuta wote. Baada ya majuma kadhaa ya kujaribu, alipata njia: namba moja ibebe mambo mawili, kushoto kwa nukta mwendo, kulia umbali. Nafasi iliyookolewa ikatosha kurudisha joto. Jioni ile alicheka peke yake jikoni, ugali ukaungua.

Lakini je, lilikuwa roli lilelile? Alimpelekea Liberatus salamu kwa dereva wa basi. Jumamosi Liberatus akafika.

Mzee Halfani alikuwa sebuleni. Liberatus alimwamkia, akaketi, akapewa kikokotoo.

“Dada, usiniambie kitu,” alisema. “Mimi nina mshuko wangu.”

Kule Dar alikuwa na mtindo wake: breki nyingi mwanzoni, kisha kuachia roli litembee, kisha kugusa kidogo kidogo mpaka chini. Alibonyeza vivyo hivyo. Namba zikapita. Alipofika mwisho alikitazama kioo, akasimama.

“Kumi na mbili! Nilikuwa nafika chini kwa mwendo wa kumi na mbili sikuzote. Dada, hili ni roli letu!”

“Leteni hapa,” Mzee Halfani alisema, akivaa miwani.

Mara ya kwanza namba ya mwendo ilipaa, akatumbukia korongoni. Mara ya pili vilevile. Akakunja uso.

“Breki zimeungua,” alinung'unika. “Zinaungua kama za kweli. Nani kaifundisha mashine hii?”

“Wewe, Baba. Kwa hadithi zako.”

Mzee akaanza upya. Alishuka tena, taratibu, mguu wake wa kulia ukikanyaga sakafu bila yeye kujijua. Roli likafika chini salama. Kwa furaha akageuza kikokotoo kutazama kimeandikwa nini nyuma, kidole kikagusa swichi, kioo kikazima.

Alipokiwasha tena, palikuwa na sifuri tupu. Kikizimwa, kilisahau kila kitu.

“Mwanangu, nimeliua roli lako.”

“Lete, Baba.”

Mwanakhamisi akaketi kando yake, akaanza kubonyeza. Hakuwa na karatasi. Agizo lilifuata agizo, vidole havikusita, na Liberatus, aliyejua ugumu wa kazi ile, akaacha hata kunywa chai. Alipomaliza alimrudishia baba yake. Roli lilikuwa juu ya mlima, limesheheni, linasubiri.

Mzee Halfani alilitazama, kisha akamtazama binti yake. Akainuka, akaenda mlangoni, akamwita jirani aliyekuwa anapita barabarani.

“Ingia, ndugu yangu, ingia! Ile kompyuta niliyokuwa nikikuambia habari zake, njoo uione. Mwanakhamisi ameitia kiganjani.”