Sola ya Kukunja Ilipofika Gulwe

Niliondoka Dodoma kwa sababu ya macho ya Mama Nyemo. Huyu ni mkunga wa kijiji kilicho ng'ambo ya mto wa mchanga, upande wa Gulwe, na mwaka ule alikuja mjini kutibiwa akafikia kwetu, mtaa wa Kikuyu. Kwetu ni kwake. Miaka kadhaa kabla ya hapo mafuriko yaling'oa reli, treni ikalala Gulwe, nami nilikuwa ndani yake na mimba iliyokwisha kutimia. Ni yeye aliyeitwa kunizalisha binti yangu Tatu, akiinamia koroboi iliyoshikwa na jirani yake. Tangu hapo huniita mwanangu, na mimi sijapata neno la kumshukuru linalotosha.

Daktari alimpa dawa ya matone, akamwambia kwamba moshi wa koroboi ndio unaommaliza. Tukiwa tunakula, Mama Nyemo akanieleza uamuzi wake kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayezungumzia bei ya chumvi.

"Mwanangu, mchana nitaendelea. Atakayeshikwa na uchungu jua likizama, atafutiwe mtu mwingine. Macho yangu yamekula moshi wa kutosha."

Mtu mwingine hakuwapo. Zahanati ilikuwa mbali, njia yake inakatwa na korongo, na watoto hawachagui saa ya kuja.

Mimi ni mzaliwa wa Tanga, mwalimu wa sayansi, na nyumbani hutengeneza redio za majirani, kwa hiyo niliwaza umeme wa jua. Wakati ule biashara zilikuwa zimefunguliwa na maduka ya Dodoma yameanza kujaa vitu ambavyo zamani tuliviona kwenye picha tu. Mfanyabiashara mmoja, Bwana Salumu, alikuwa na paneli ya jua isiyo na kioo. Ilikuwa laini na nyeusi, unaiviringisha kama mkeka na kuitia kwapani. Bei yake ilinishtua. Hata hivyo kikundi cha kinamama wa kijiji cha Mama Nyemo kilikuwa kimeuza karanga na kuweka akiba, nao, Mama Nyemo alipotangulia kurudi na kuwaeleza, walikubali kuitoa nikiongeza kilichopungua. Bwana Salumu alinipa sharti moja: kama haitawafaa, niirudishe bila mkunjo wala mchubuko kabla hajaenda Dar es Salaam kununua mzigo mwingine, naye atarudisha fedha.

Asubuhi ya safari nilipanda treni iendayo Pwani nikiwa na paneli begani, betri ndogo ya pikipiki ndani ya kikapu, taa moja ya mrija mweupe, na kisanduku kidogo kinachozuia betri isijae kupita kiasi wala kukauka kabisa. Abiria aliyekaa mbele yangu aliuliza kama ninauza maturubai. Nilipomweleza, alicheka, kisha akaomba aishike. Ilizunguka behewa zima na kurudi kwangu bila jeraha, na hapo nikaona faida yake ya kwanza. Paneli ya kioo nisingethubutu kuipitisha mikononi mwa watu namna ile.

Kutoka Msagali nchi ilizidi kuwa nyekundu na kavu. Gulwe tulishuka wachache. Mume wa Mama Nyemo, Mzee Ndahani, alikuwa ananisubiri na baiskeli. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia, akaniongezea mbukwa, salamu ya Kigogo, ili nisisahau kwamba nimeingia kwao. Tulifunga betri kwenye kibebeo, paneli nikaiweka kichwani, tukavuka mchanga wa mto kwa miguu. Njiani aliniuliza mambo machache tu: imetengenezwa kwa nini, inakatika, inaoza? Nilimjibu kwamba ni kama ngozi, ila ngozi ya kiwandani. Nilidhani nimejibu vizuri.

Nyumba yao ni tembe, yaani nyumba ya udongo yenye paa tambarare la miti na udongo, mahali wanapoanikia mlenda na uwele. Paa la namna hii halina bati la kufungia fremu. Tuliitandaza paneli juu yake, tukaifunga pembe nne kwa kamba kwenye vigingi vya mti, waya ukashuka kupitia tundu la moshi. Kikundi kizima kilikuja kutazama. Nikawaeleza kwamba jua likipiga paneli, umeme unatiririka taratibu hadi kwenye betri, kama maji ya kisima yanavyojaza mtungi, na jioni unateka ulichojaza.

Mweka hazina wao, Mama Yohana, ambaye ulimi wake ni mkali na kicheko chake kikubwa, hakuridhika.

"Ninyi watu wa Tanga maneno yenu matamu kama tende," alisema. "Karanga zangu zimepanda darini. Zikishuka bila mwanga, Mwalimu, utazilima upya wewe na jembe nitakuazima."

Jioni hiyo taa iliwaka vizuri kwa muda mfupi, kwa umeme niliokuja nao kutoka mjini. Wakakubaliana kuijaribu mpaka nitakaporudi kutoka Mpwapwa, nilikokuwa nakwenda kumsalimu mwalimu mwenzangu. Wasiporidhika, ningeondoka nayo.

Mpwapwa nilikuta jambo la kunitia wasiwasi. Mwenzangu huyo alikuwa na paneli ya kioo juu ya nyumba yake ya bati, na tulipolinganisha bei niliona kwamba kwa fedha niliyotoa mimi angepata nguvu karibu mara mbili. Aliniuliza kwa upole kwa nini sikumshauri Mama Nyemo anunue ya kioo. Nilimjibu kwamba Mama Nyemo hazalishi nyumbani kwake tu, anafuata watu walipo, na wakati wa kilimo anahamia shambani na jamii nzima. Ya kukunja unaondoka nayo. Mwenzangu alikiri kwamba yake ililetwa kwa gari ikiwa imelazwa katikati ya magodoro mawili, na hata hivyo ya kwanza ilifika ina ufa. Pamoja na hayo, nilirudi Gulwe nikiwa sina tena uhakika niliokwenda nao.

Nilipofika kijijini mchana, nilisoma habari usoni mwa Mama Nyemo kabla hajasema. Kila jioni taa ilikuwa inawaka kidogo kama jicho la mtu mwenye usingizi, kisha inazimika. Jana yake msichana wa jirani alishikwa na uchungu jioni, na Mama Nyemo akalazimika kuinama tena juu ya koroboi. Mtoto na mama walikuwa salama. Macho yake yalikuwa mekundu na yanatiririka machozi. Kinamama walikuwa wameshapanga kukutana kesho yake wanikabidhi vitu vyangu.

Nilifungua kisanduku, nikapima waya, nikakagua betri. Vyote vilikuwa vizima. Nikapanda darini kutazama paneli, na paneli haikuwepo. Jua lilikuwa utosini, saa ile ambayo ingekuwa inafanya kazi kuliko saa nyingine yoyote, na pale juu palikuwa na vigingi vinne na mlenda unaokauka.

Nilimkuta Mzee Ndahani kivulini nyuma ya nyumba. Alikuwa ameizungusha paneli kwenye gogo laini la mti, kwa mikono yenye subira, na pembeni yake kulikuwa na kibuyu cha mafuta ya nyonyo. Paneli iling'aa kwa mafuta. Juu ya mafuta hayo vumbi jekundu la Gulwe lilikuwa limejibandika kama unga kwenye andazi.

Nikaketi karibu naye, nikamwomba anieleze anafanya nini. Alieleza bila haraka. Ngozi ya kulalia ukiiacha kwenye jua la mchana inakakamaa na kupasuka. Huanikwa asubuhi, jua likipanda inaingizwa, ikipoa inatolewa tena. Kila mara inapakwa mafuta ili ibaki laini, na haikunjwi, inazungushwa kwenye gogo isipate mstari. Amefanya hivyo tangu ujana wake, na ngozi aliyokuwa nayo alipooa bado anailalia.

"Uliniambia ni ngozi," alimalizia. "Nikajua ni ghali. Nikaitunza kuliko zangu."

Sikuweza kumlaumu, na nilijizuia kucheka kwa sababu hakuna aliyeipenda paneli ile kama yeye. Nilitwaa kibuyu tupu kilichokuwa pale, nikakifunika mdomo kwa kitambaa, nikamuuliza maji yataingiaje. Akasema hayataingia. Nikamwambia paneli inakunywa mwanga kwa uso wake wote, na mafuta na vumbi ni kitambaa kile. Tena yenyewe hainywi jua la asubuhi kwa wingi kama la mchana. Ile saa unayoionea huruma paneli ndiyo saa yake ya kula. Imetengenezwa ili ilale juani mwaka mzima.

Alipitisha kidole kwenye vumbi lililojibandika. Kisha akauliza swali ambalo hakuna mwanafunzi wangu aliyewahi kuniuliza.

"Sasa kitakachoiua ni nini, kama si jua?"

Nikamwambia: mkunjo mkali, kitu chenye ncha, mbuzi akipanda darini, na kuvutwa kwa waya. Akaitikia kwa kila kimoja. Gogo lake, nilimwambia, ni sahihi kabisa, na hata mimi sikuwa nimelifikiria.

Mama Nyemo alikuja na majivu ya kusugulia, nikamzuia kwa sababu majivu yanachubua. Tulitumia sabuni ya mche, kitambaa laini, na maji kidogo yaliyokuwa yamewekwa kwa ajili ya vyombo, maana pale maji hayachezewi. Tuliosha mara mbili mpaka weusi wake ukarudi. Tukaipandisha darini jua likiwa bado kali, na Mzee Ndahani akaketi pembeni yake na fimbo, akifukuza mbuzi ambao hawakuwa wamefika.

Kesho yake paneli ilikaa juani tangu asubuhi. Alasiri kinamama walikusanyika uani. Mama Yohana alikuwa ameshasikia habari za mafuta ya nyonyo, kama kijiji kizima.

"Mzee Ndahani," alisema, "kwa hiyo umeipaka nyonyo na kuilaza kivulini. Bado kuiposa tu."

Watu walicheka, mzee naye akacheka. Nilitumia nafasi hiyo kuwaambia ukweli wote, ili waamue wakijua. Sola ya kukunja ni ghali kuliko ya kioo yenye nguvu ileile, na inahitaji nafasi kubwa zaidi. Pengine haitadumu miaka mingi kama ya kioo. Betri itachoka kabla yake, na kikundi kianze sasa kuweka kidogo kidogo kwa ajili ya nyingine. Itawasha taa moja, na mtu asiombe pasi wala redio kubwa. Mawingu yakitanda, mwanga utapungua. Kwa mwenye nyumba ya bati asiyehama, ningemshauri anunue ya kioo. Kwa kazi ya Mama Nyemo, ya kutembea na mwanga kichwani, sikuona nyingine inayomfaa.

Mama Yohana hakutaka maneno zaidi. Giza lilipoanza kuingia aliagiza taa iwashwe, akamwaga karanga kwenye ungo, akasema atabangua zote, na taa ikififia kabla hajamaliza atanifungia mzigo wangu mwenyewe. Wenzake wakaketi kumsaidia, kisha wakasahau kwamba wanaipima taa. Walisimuliana habari za mashamba na za wakwe. Ungo ukaisha, ukaletwa mwingine. Mrija ulikuwa bado mweupe vilevile.

Mama Nyemo hakubangua karanga. Alikuwa ameketi chini ya taa na sindano, akijaribu kupitisha uzi. Ulipopita aliuvuta, akautoa, akaupitisha tena. Mama Yohana alimtazama muda mrefu.

"Mkunga," alisema, na safari hii hakukuwa na utani sautini, "utatupokelea watoto usiku?"

"Nitawapokelea," alijibu Mama Nyemo.

Mama Yohana akainuka, akakung'uta maganda kwenye khanga yake. "Basi Mwalimu aende na karanga. Mzigo wake unabaki."

Siku ya kurudi, Mama Nyemo na Mzee Ndahani walinisindikiza mpaka Gulwe. Treni ilichelewa kama kawaida yake, tukakaa kwenye jukwaa tukila viazi. Alasiri kijana mmoja alikuja mbio kwa baiskeli kutoka kijijini: shemeji yake ameanza uchungu, uzazi wa kwanza, bado uko mbali. Uzazi wa namna hiyo huingia gizani. Zamani, aliniambia Mama Nyemo mwenyewe, habari kama hiyo ilimfanya akimbie, ili angalau aone tumbo kabla jua halijazama. Safari hii alinishika kichwa kwa mikono miwili, akanitakia safari njema, akamalizia kiazi chake. Mzee Ndahani akapanda baiskeli kutangulia kuangalia betri. Mama Nyemo alitazama jua lilipofikia, akajifunga khanga vizuri, akashuka jukwaani kwa mwendo wake wa kawaida.

Nilifika Dodoma mikono mitupu. Bwana Salumu aliuliza paneli iko wapi, nikamwambia imepata kazi. Kisha nikamsihi kwamba kila atakayemuuzia nyingine, kabla ya kumweleza lolote, amuulize kwanza kitu hiki kinafanana na nini nyumbani kwake, na kitu hicho hukitunza vipi. Mimi nimefundisha miaka mingi nikianza na ninachokijua mimi. Kumbe Mzee Ndahani alikuwa na elimu yake tayari, imekamilika, na ya kwangu ilipaswa kubisha hodi hapo kwanza. Ninamshukuru yeye na mkewe kwa kunipokea mara mbili: mara ya kwanza na mwanangu, mara ya pili na somo ambalo sikujua ninalihitaji.