Spika za Mezani na Kaseti ya Mjomba Yusufu

Sisi tuliokulia Rusimbi, Ujiji, wakati redio moja ikitosha nyumba nne, hatukuwa na habari za wati. Tulichouliza ni mama yangu kaisemaje. Mtu akinunua redio Kigoma mjini, hata kabla hajaitafutia kitambaa cha kuifunika, anakuja nayo uani kwetu kaikumbatia kifuani: "Mama Rajabu, hebu tusikilizie." Rajabu ni kaka yangu mkubwa. Mama hakuwa fundi, alijua kusikiliza tu, na alikuwa na namna yake.

Redio iliwekwa dirishani, ikatafutwa stesheni yenye mtu anayezungumza. Muziki hakuutaka. Kisha Mama anaipa mgongo, anakwenda mwisho wa ua kwenye masufuria, anayasugua kwa majivu huku kategea sikio. Akiweza kurudia alichosema mtangazaji, redio imepita. Akishindwa, anasema bila hata kugeuka, "Hii inanguruma, haisemi." Wengi walinuna. Mfanyabiashara mmoja wa dagaa wa Kibirizi alileta redio kubwa yenye spika mbili na taa zinazochezacheza, na sisi watoto tulianza kukata viuno kabla haijatua chini. Mama akaikataa. Yule bwana akaichukua kwa hasira akaiweka kwenye dagaa wake walioanikwa, na sifa pekee niliyowahi kuisikia juu ya redio ile ni kwamba ilifukuza kunguru vizuri sana.

Sisi watoto tulipenda besi, sitaficha. Rajabu alichomoa spika kwenye redio mbovu, akaitumbukiza ndani ya mtungi mtupu wa bibi na kuiunganisha waya. Mtungi ukatoa mlio ulioingia mpaka tumboni, nasi tukajiona tumefika Ulaya. Raha iliisha bibi alipomaliza kuswali akatoka na kata yake kutafuta maji ya kunywa. Rajabu alichapwa, na mimi niliyeshika waya nilichapwa pia.

Kilichomfanya Mama ajali maneno kuliko mlio ni Mjomba Yusufu, kaka yake wa pekee, aliyehamia Kalemie, ng'ambo ya ziwa, kwa biashara ya vitenge. Mjomba hakupenda kuandika. Alikuwa akijirekodi kwenye kaseti, anaifunga ndani ya kitenge na kumpa mtu wa boti. Kaseti ikifika Ujiji, siku hiyo hakuna aliyetumwa dukani akachelewa. Betri za redio yetu ya kaseti zilianikwa juani zipate nguvu, tepu iliyolegea ikakazwa kwa biro, majirani wakaingia na vigoda vyao. Mjomba alianza na "Mwakeye", salamu ya Kiha ya asubuhi, hata kama sisi tunamsikiliza alasiri, kisha akamsalimia kila mmoja kwa jina na kumalizia na kuku. Ua mzima ulicheka. Mama alikuwa kule kule kwenye masufuria, akimjibu kwa sauti kana kwamba kaka yake amesimama dirishani.

Katika kaseti ya mwisho alisema yeye ni mzima kabisa, ila biashara imembana, na tumwambie tunataka atuletee nini. Tukarekodi majibu kwenye kaseti nyingine kwa kupokezana. Mama aliagiza vitenge viwili, doti nzimanzima. Rajabu aliagiza mpira wa miguu. Mimi niliagiza viatu vyeupe vyenye kisigino, na namba ya mguu niliitaja mara mbili asije akakosea. Haukupita muda mrefu yule mtu wa boti akarudi na habari kwamba Mjomba amefariki na wameshamzika.

Redio yetu nayo ilikufa miaka iliyofuata. Kaseti ile ya mwisho Mama aliitunza kwenye sanduku la nguo. Sasa anakaa kwangu Katubuka, masikio yake bado mazima kuliko yangu, na mwaka huu aliniambia neno lililoniondolea raha: "Mwanangu, sura ya Yusufu ninayo. Sauti ndiyo inanitoka." Nikaipeleka kaseti kwa fundi, akaihamishia kwenye simu yangu. Lakini spika ya simu ilimfanya Mjomba awe kama nyuki ndani ya kopo, na Mama alitikisa kichwa akasema huyo hamjui. Ndipo nilipokwenda kutafuta spika za mezani, zile ndogo mbili zenye amplifaya yake ndani, za bei ya mtu wa kawaida.

Siku hizi watu wanapima spika kwa kifua. Muuzaji, mwanaume mwenye ndevu zilizochongwa kwa rula, alifungulia muziki mpaka kioo cha kabati kikatetemeka. "Dada, sikia hiyo besi! Hapo hata jirani anahama." Nikamwambia jirani yangu sina ugomvi naye, aniwekee mtu anayezungumza. Akadhani natania. Nikachomeka simu yangu mwenyewe.

Jozi ya kwanza, ile ya kuhamisha majirani, ilimtia Mjomba kwenye pipa. Kila neno lilikuwa na mkia, na jina la Rajabu lilitoka kama gunia linaangushwa. Ya pili ilikuwa ya plastiki nyepesi, sauti nyembamba, kila penye "s" ikafyonza kama mtu aliyeungua ulimi. Ya tatu haikuwa na taa wala urembo, na hata muuzaji alikuwa ameisukumia nyuma ya makasha. Muziki ndani yake ulikuwa wa kawaida tu. Ukiikazia sauti sana inaanza kukoroma, na kwenye sherehe ingekuaibisha. Lakini kwa sauti ya chini, mtu akizungumza, alikuwa mtu. Nilipomsikia Mjomba akisema "Mwakeye" machozi yalinitoka pale pale dukani, na muuzaji akaacha maneno yake ya besi.

Nyumbani nilizipanga mezani, zikimtazama Mama. Alisikia salamu tu akainuka kwenda jikoni, akatafute vyombo vya kuosha. Nikamwambia hizi si za dirishani, zimetengenezwa kwa mtu aliyekaa mbele yake. Akakaa, uso wake umbali wa mkono tu kutoka kwenye spika. Alicheka kwenye kuku. Mjomba alipofika kwenye "mzima kabisa" Mama akaacha kucheka.

"Rudisha hapo."

Nikarudisha. Mjomba alisema "mzima", kisha pakawa na pumzi ndefu, ya kukwaruza, ya kuvutwa kwa nguvu, ndipo akasema "kabisa". Baada ya maneno machache palisikika mlio wa kitufe. Alikuwa anasimamisha kurekodi, anapumzika, anaendelea. Sehemu yote ile ilikuwa hivyo.

"Yusufu alikuwa mgonjwa," Mama alisema. "Alikuwa hawezi hata kuzungumza. Na mimi nikamwagiza vitenge."

"Na mimi viatu," nikasema.

Mimi ni wa kwanza kuwasema wanangu, wanavyokaa meza moja kila mtu na vijiti vyake vya simu masikioni, hawajui nani kacheka na kwa nini. Enzi zetu tulisikiliza ua mzima, na ilikuwa raha ambayo hawa hawataijua. Hilo silifuti. Lakini tulisikiliza kwa mbali, katikati ya vicheko na milio ya masufuria, na redio tukaisifu kwa kuwa maneno yanafika mwisho wa ua. Maneno yalifika kweli. Zile pumzi hakuna aliyezisikia, maana hakuna aliyewahi kukaa karibu. Angekaa mmoja wetu, Mama angepanda boti kesho yake.

Nilinyoosha mkono nizime. Mama akaushika. Tukamsikiliza mpaka mwisho, pale Mjomba anapovuta pumzi na kutuambia tusione haya, tuagize chochote tunachotaka.