Mchanga Ambao Adalbert Hakuuonja

Niliingia Lubumbashi nimekalia chumvi. Lori lilitoka Kasumbalesa asubuhi na magunia ya Namibia, mvua ya Februari ikatunyeshea njia nzima, na maji yaliyochirizika chini ya magurudumu yalikuwa na ladha ya bahari ambayo mji huu haujawahi kuiona. Ulikuwa mwaka 1993. Migodi ilikuwa imenyamaza, ofisi zilifungwa kwa migomo, na stesheni ilijaa watu wa Kasai waliofukuzwa mkoani, wakingoja treni pamoja na sufuria zao.

Tulisimama mbele ya bohari la chumvi la Kasereka, mfanyabiashara kutoka Butembo. Lami ya hapo ilikuwa imetoboka kama mkate uliolowekwa. Mwanamume mmoja wa makamo, aliyevaa koti la kazi la buluu, alikuwa amechuchumaa kando ya shimo. Aling'oa kokoto, akaipangusa, akailamba.

"Papa Adalbert," Kasereka alimwita kutoka mlangoni, "kama unasikia njala, kuya mu nyumba, bukari iko. Barabara bantu habaikule."

Wapakuzi wakacheka; bukari ndiyo ugali wa huko. Adalbert alinipa ile kokoto nami, kwa kukosa la kufanya, nikailamba. Ilikuwa na chumvi.

Nilikosa gari la kuendelea na safari, nikakaa kwa Adalbert wiki tano. Mkewe, Agnès, alikuwa ametangulia kijijini Lukafu kulima mahindi kwa wazazi wake. Nyumba ilibaki na kitanda, viti viwili na mitungi miwili ya kioo dirishani.

Adalbert alizaliwa katika kambi ya reli, baba yake akiwa mtu wa Kongolo. Miaka ishirini na sita alifanya kazi katika maabara ya barabara: kushindilia lami katika vikombe vya chuma, kuiloweka, kuivunja, kuandika tarakimu. Kazi hiyo alifundishwa na nyapara mzee aliyeitwa Alphonse. Huyo hakuruhusu mchanga uingie kwenye mtambo kabla hajatia punje chache mdomoni kutafuta chumvi. Mashine za wazungu zilikuwapo, lakini Alphonse alisema ulimi haupati panne, hauharibiki. Baada yake Adalbert akaonja yeye, kila lundo, kila siku, mpaka meno ya mbele yakalika.

Viraka vya mbele ya bohari vilikuwa kazi yake, Oktoba ya 1991. Kabla mvua za msimu ule hazijaisha, vikabomoka. Wenzake walisema ameuza mapipa ya lami na kupika uji mwepesi. Hakuna aliyemshtaki, hakuna aliyemhukumu. Mkurugenzi alikuwa ameshakimbia. Neno tu lilibaki. Jumapili nilikwenda naye misa, nikaona watu wakituachia benchi nzima.

Ndiyo maana ya ile mitungi. Kila mmoja ulikuwa na kipande cha lami alichokishindilia mwenyewe: kimoja kwenye maji ya mvua, kingine kwenye maji ya mfereji wa bohari. Siku tano majini, siku tano juani. Cha mvua kilibaki cheusi na kigumu. Cha mfereji kiliota unga mweupe, halafu mawe yake yakaanza kuachana na lami, moja moja, yakatua chini yakiwa safi kama yameoshwa. Alinieleza kwa sauti ya mtu aliyechoka kueleza: chumvi inaingia na maji, jua likiwaka inarudi kuwa punje, na punje inataka nafasi. Inasukuma.

Aliniomba nimwandikie barua ya kupeleka ofisi ya barabara, kwa Kifaransa cha huko. Nikaandika kwamba lami ilitiwa kwa kipimo kamili, na kwamba chumvi ya malori ndiyo iliyokula barabara. Nikamsomea.

"Iko kintu inabakia," alisema.

Akaniuliza kwa nini lami ya zamani, iliyo ubavuni mwa kiraka na inayokunywa maji yaleyale, imedumu zaidi. Kisha akanieleza mwenyewe. Wiki ile ya viraka askari walikuwa wanapora mji na machimbo yalikuwa yamefungwa. Kasereka aliwapa mchanga bure kutoka uani kwake, ambako magunia ya chumvi yalikuwa yametoa jasho miaka kumi. Risasi zilisikika karibu, na watu wake walitaka kwenda kwa watoto wao.

"Miye sikuionja. Andika na ile."

Nilimwambia kwamba bila sentensi hiyo anatoka safi. Akiiweka, anawapa fimbo ya kumpigia.

"Fimbo ile iko yangu. Jina ya mwizi njo haiko yangu."

Nikaandika. Alisaini polepole, akaongeza tarehe ya siku ile ya Oktoba alipoweka viraka.

Jumatatu lilipatikana lori la Lukafu. Godefroid, mlinzi wa ofisi ya barabara, alikuwa ametuambia kwamba pengine watafungua Alhamisi, pengine hawatafungua tena. Agnès hangeweza kungoja; mahindi yalikuwa yanaiva na nyani walikuwa wengi. Adalbert alinikabidhi barua na mtungi wa maji ya mfereji, akapanda juu na godoro lake na kikombe kimoja cha chuma.

Lori lilipunguza mwendo mbele ya bohari, likashuka shimoni, likapanda. Wapakuzi walimpungia mkono. Yeye alikuwa ameinama ukingoni, akiangalia chini.

Nilikwenda kwenye ngazi za ofisi nikaketi kungoja ifunguliwe, barua mfukoni, mtungi magotini. Godefroid aliuchungulia, akauliza kama ni dawa.