Mgeni Niliyemkaribisha Makumbusho

Usinikatize mpaka nimalize. Ukishasikia, ukitaka kusema nimechanganyikiwa, sema. Mimi niliyaona kwa macho haya mawili, jua halijazama, sina homa wala usingizi.

Mdogo wangu Rehema, binti wa mama mdogo, alikuwa anasafisha vyumba katika hoteli moja ya Al Barsha, Dubai. Mwaka jana aliniita nikapumzike. Likizo yake yote ya mwaka aliitumia kunizungusha mimi. Kitanda chake akanipa, yeye akalala chini kwenye godoro. Nani wa leo atakufanyia hivyo? Na alivyojua napenda picha za kuchora na kupenda tumbo, ikawa ndiyo kazi yetu: asubuhi makumbusho, mchana kula. Nilikula harisi yao nikacheka, kumbe ni bokoboko letu lile lile la ngano na nyama! Na kaimati zao ni zetu, ila wao huzimwagia asali ya tende.

Siku hiyo tulikuwa kwenye makumbusho madogo ya picha, upande wa Deira. Rehema alibaki ukumbi wa mbele akijipiga picha. Mimi nikaingia chumba cha ndani peke yangu. Ukutani palikuwa na picha moja kubwa: bibi wa zamani, amevaa barakoa ya kale ya Kiarabu, amekaa mkekani mbele ya sinia tupu. Nikakaa kwenye benchi kumtazama. Najua mle hairuhusiwi kula, lakini nilikuwa na kaimati kwenye mkoba, bado zina moto, na mimi kwa kaimati sina adabu. Nikatia moja mdomoni. Kuinua macho, bibi ananitazama.

Sasa wewe mtoto wa Pwani, mtu akikukuta unakula unasemaje? Nikasema, "Karibu, bibi." Mzaha tu, mazoea ya mdomo. Hata usiyempenda humwambia karibu, naye anajua kujibu: ahsante, nimeshiba.

Bibi akajibu, "Haya, nimekaribia."

Kwa Kiswahili, wallahi, tena kile cha bibi zetu. Nilitoka mbio, viatu mkononi. Rehema alinicheka mpaka akakaa chini.

Jioni, mkahawani, tukaletewa sinia la wali wa samaki. Yule bibi akaja akakaa ubavuni kwangu. Rehema hakumwona. Akanyoosha mkono akala upande wangu, na kila punje aliyoigusa ililala bapa ikawa rangi ya mafuta, mbichi, inang'aa. Nilichotia mdomoni kilikuwa rangi tupu. Nikatapika pale pale mbele za watu.

Siku tatu, mwenzangu! Maji yalipita, chakula hapana. Mkate, tende, hata uji alionikorogea Rehema huku machozi yakimtoka, yote yaligeuka rangi. Akanipeleka hospitali, wakasema ni mzima. Siku ya tatu nikakumbuka: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Nikajifungia bafuni nikamwambia wazi, "Bibi, umekula ya kutosha. Nenda kwenu."

Akasema, "Kwetu sinia tupu. Nipeleke pengine nikakaribishwe."

Hapa nisikilize vizuri, maana sitarudia. Nilifungua mlango. Rehema alikuwa ameketi sakafuni na sahani ya wali kwa maharage, hajala tangu asubuhi kwa ajili yangu. Nilijua atasema nini. Nilijua kabla sijainua mguu. Ningeweza kukaa bafuni mpaka amalize. Sikukaa. Nilikuwa na njaa, na roho yangu niliipenda kuliko yake.

"Karibu, dada," akasema, uso umemchangamka, akidhani nimepata hamu.

"Ahsante, mpenzi. Nimeshiba."

Nyuma yangu nikasikia, "Nimekaribia."

Tonge la kwanza likamgeukia rangi, sahani ikamshinda. Nikaimaliza mimi. Ulikuwa mtamu wali ule, Mungu anisamehe, nikaomba na ukoko. Keshokutwa yake nikapanda ndege.

Rehema hakupona. Msimamizi wake alimwambia khalas, kazi imekwisha, mtu asiyeweza kusukuma hata toroli la mashuka wa nini? Amerudi Mombasa wiki iliyopita, yuko kwa mama mdogo, nyumba ya tatu kutoka kwangu. Mkono wake ukiushika unaogopa kuuvunja. Mimi ninanenepa, na watu wananisifu.

Jana alinitumia ujumbe wa sauti. Anapumua kwanza, kisha anasema taratibu: "Dada, siku ile ulikuwa hujatia kitu tumboni siku tatu. Mbona uliniambia umeshiba?" Halafu: "Nitakuja kukuona. Nije saa ngapi nikukute unakula?"

Basi sasa nakula chumbani, mlango kwa komeo, kama mwizi. Nawe nakuonya: mtu akiingia unakula, mtazame kwanza nyuma yake, ndipo ufungue mdomo. Usiseme hukuambiwa. Mimi mwenyewe najifunza, lakini neno lile nimelinyonya na maziwa ya mama. Rehema akisimama mlangoni na mimi nina tonge mkononi, nitalisema kabla sijafikiri.