Mama Aliyesimamia Maji ya Bwegera

Kabla sijahamia Kasenga, mjini Uvira, na kupewa shule ya kuongoza, nilikuwa sekretere wa komite ya mfereji kule Bwegera. Kazi yangu ilikuwa kuandika zamu za maji: nani anamwagilia asubuhi, nani jioni, nani angoje mpaka kesho. Nilikuwa msichana aliyemaliza sekondari juzi tu, mwenye mwandiko mzuri, na nilidhani mwandiko mzuri ndio kazi yenyewe.

Prezida wa komite alikuwa mama mmoja mkulima, mjane, mwembamba, asiyependa kusema mengi. Kabla yake tulikuwa na bwana mmoja mwenye sauti tamu. Akisimama kwenye kikao, watu walicheka, walipiga makofi, halafu walirudi kwenye mashamba makavu. Mfereji ulijaa matope naye hakuwahi kuvua viatu aingie. Mwaka mpunga ulipokauka ukiwa unatoa maua, watu walimwondoa, wakamchagua yule mama kwa sababu moja tu: kila asubuhi walimkuta mfereji mzima ameshautembea, jembe begani, sketi ameifunga juu ya magoti.

Kitu cha kwanza alichofanya kiliwashangaza wengi. Shamba lake lilikuwa la kwanza kabisa kwenye mfereji, pale maji yanapofika yakiwa bado na nguvu. Aliniambia nimwandike wa mwisho kwenye zamu.

"Mama Prezida, lakini maji yanapita kwako kwanza," nilimwambia.

"Ndiyo maana," alijibu. "Yakinifikia minye wa mwisho, nitajua yamefikia wote."

Nikaandika, bila kuelewa sana.

Naikumbuka miaka ile kwa mwili kuliko kwa akili. Ule ubaridi wa tope kati ya vidole vya miguu saa kumi na mbili asubuhi. Harufu ya mpunga mchanga, inayofanana kidogo na maziwa. Wamama wakiinama kwa mstari, wakipanda na kuongea Kirundi na Kiswahili kwa sentensi moja, mara kicheko kinaanza upande mmoja na kufika upande wa pili kabla hujajua kimesababishwa na nini. Saa sita tulikaa ukingoni tukala ugali wa muhogo na ndagala, vile visamaki vya ziwani, zilizoletwa kutoka Uvira. Prezida alikula nasi, mkono katika sahani moja, na hata akitafuna macho yake yalikuwa kwenye maji. Alinifundisha kuyasikiliza. Maji yanayopita vizuri, alisema, yana sauti moja. Ukisikia sauti mbili, mahali fulani ukingo umetoboka.

Sasa niseme lile lililotokea.

Ilikuwa siku ya Jumamosi, wiki ambayo vitalu vilikuwa vimeota vizuri na miche ilikaribia kuhamishwa. Uwandani jua lilikuwa linawaka. Lakini upande wa milima wingu jeusi lilikuwa limekaa tangu asubuhi, wala halikusogea. Prezida alikuwa anakwenda kumtazama mgonjwa kijiji cha pili. Aliniita.

"Mwanangu, lile wingu halinipendezi. Nenda ufunge mlango mkubwa sasa hivi. Teremsha mbao zote tatu."

Mlango mkubwa ulikuwa pale mfereji unapotoka mtoni, mwendo wa karibu saa moja. Nikaitika. Nikaondoka kweli. Njiani nikapita kwa rafiki yangu aliyekuwa ameanza kunisuka tangu jana, maana Jumapili kulikuwa na arusi. Nusu ya kichwa ilikuwa imebaki. Nilitazama juu, nikaona jua. Nikajiambia nitakaa kidogo tu.

Nilikuwa bado nimekaa chini, kichwa katikati ya magoti ya rafiki yangu, niliposikia watu wanakimbia.

Mvua ilikuwa imenyesha huko juu, kwetu haikudondoka hata tone. Mto ulishuka mwekundu, ukaingia mferejini kupitia mlango ulio wazi, ukabomoa ukingo kwenye kona. Nilipofika, vitalu vya familia kumi na moja vilikuwa tayari chini ya maji na matope. Prezida naye alikuwa amefika kabla yangu. Alikuwa ndani ya mfereji, maji kifuani, anawaambia wanaume wawili wapande juu wakateremshe mbao. Halafu akafanya jambo ambalo bado naliona nikifumba macho. Alitoka majini, akachukua jembe, akaanza kukata ukingo upande wa shamba lake mwenyewe.

"Mama, utaliua shamba lako," mmoja alisema.

"Maji lazima yaende mahali," alisema, akiendelea kuchimba. "Yaende hapa, si kwa wengine."

Maji yakageuka, yakaingia kwake. Mashamba ya chini yakapona. Lake likawa ziwa.

Kesho yake, baada ya misa, watu walikusanyika karibu na kanisa. Walikuwa na hasira. Baba mmoja aliuliza mbele ya wote: "Nani aliacha mlango wazi?"

Nilikuwa nimesimama nyuma, daftari kifuani, nywele zimesukwa upande mmoja tu. Nikajificha nyuma ya mabega ya watu.

Prezida akasimama. "Mlango ulibaki wazi," alisema. "Kuulinda ni kazi yangu, na sikuulinda. Vitalu vyenu vimekufa kwa kosa langu. Kesho ninakwenda Runingu kwa ndugu zangu kuomba miche. Atakayeweza kubeba, anifuate."

Hakunitazama hata mara moja. Na kesho yake alikwenda kweli, tukamfuata wamama sita na mimi. Tulirudi na matita ya miche kichwani, maji yakitudondokea shingoni. Njia nzima nilitembea nyuma yake, nikitafuta neno. Tulipofika kwake nikabaki wengine walipoondoka.

"Mama, kwa nini hukusema ni minye?"

Aliendelea kunyunyizia miche maji. "Nilikutuma weye. Halafu sikurudi kuangalia kama umefunga. Hilo ni langu, nimelisema." Akainua mche mmoja ulioinama. "Lako sijaligusa. Hilo iko lako."

Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Nilibeba jambo lile siku nne, nikila bila hamu, nikikwepa njia inayopita kwa wale waliopoteza vitalu. Kwenye kikao kilichofuata nikaomba ruhusa ya kusema, nikasema yote: kutumwa, kupita kwa rafiki, nywele. Kuna waliocheka kwa uchungu. Mama mmoja aliyepoteza kitalu chote alinitazama, akatema mate chini, na mpaka nahama Bwegera hakuitika tena salamu yangu. Simlaumu.

Nilidhani nitaondolewa. Prezida alisema nibaki, ila kuanzia siku ile nitembee mfereji pamoja naye kila asubuhi kabla ya kushika kalamu. Nilitembea naye misimu mitatu. Nilijifunza kuziba ukingo kwa magunia na majani, kupima kina cha maji kwa fimbo, kumwambia mtu mzima "leo si zamu yako" bila kumdharau. Mpunga wa msimu ule ulichelewa, lakini ulivunwa. Kwake hakuvuna kitu. Alikula kwa wanawe mpaka msimu mwingine.

Siku hizi niko Kasenga, direktrisi wa shule ndogo ya msingi, kati ya mafundi cherehani na duka la vipuri vya pikipiki. Mwaka jana nilipanda moto, pikipiki ya kukodi, kwenda Bwegera kumsalimu. Nikamkuta amekaa mlangoni anachambua maharage kwa vidole. Aliniambia ameacha uprezida mwenyewe, kabla ya mtu kumwomba.

"Macho hayaoni vizuri. Sioni tena mahali ukingo umetoboka. Nikae nafanya nini pale?"

"Watu hawakukuzuia?"

"Walinizuia. Niliwapeleka mferejini, nikajaribu kuwaonyesha nyufa iko wapi. Wakaniona ninabahatisha."

Alicheka. Kisha akataka kujua watoto wa shule yangu wanapata wapi maji ya kunywa, na kama bomba likiharibika nani analitazama. Nikamweleza. Aliuliza tena, kwa undani zaidi, mpaka nikakubali kwamba kuna jambo moja silijui: kama kila jioni bomba linafungwa kweli. Niliporudi Uvira jioni ile, kabla sijafika nyumbani, nilipita shuleni kulitazama bomba.