Simu ya Kusoma Midomo

Wifi yangu tunamwita Bobini. Jina hilo, la kile kigurudumu cha uzi kinachozunguka mashineni, alilipata kiwandani kwa sababu hajui kutulia: mara yuko huku, mara kule, na maneno hayamwishi. Ni dada wa mume wangu, na tangu niolewe hatujamaliza siku bila kutaniana. Kwa hiyo alipopata kazi kwenye kiwanda cha kufuma vitambaa katika nchi nyingine, majirani walidhani nitapiga vigelegele. Walikosea. Nililia jikoni, nikanawa uso, kisha nikaenda kumwambia asiniachie chumba kichafu.

Ila aliyekuwa na shida hasa ni Mama, yaani mama mkwe wangu.

Mama naye alikuwa mfumaji. Alikaa kwenye ukumbi wa mashine wa kiwanda cha hapa kwetu mpaka masikio yakamwisha kidogo kidogo. Mle ndani, hata ukipiga ukelele, mwenzako hasikii. Basi wanawake wa zamu walijizoeza kusema kwa mdomo mtupu: unaufungua, unaubana, unauvuta pembeni, sauti hutoi. Wa ng'ambo ya mashine anakusoma na kukujibu, na msimamizi aliyesimama katikati yenu hajui kwamba anayesemwa ni yeye. Bobini alipoingia kiwanda hichohicho alijifunza kwa mama yake. Siku hizi Mama hasikii hata mlango ukibamizwa, lakini akikaa mbele ya binti yake wanapiga soga mpaka chai inapoa. Sisi wengine anatuelewa nusunusu. Mimi ndiye mbovu kuliko wote. Anasema naongea kama mtu anayetafuna.

Bobini alikuwa na simu ndogo ya vitufe, ya kupigia na kupokelea basi. Kwa Mama, sauti ya simu ni kazi bure. Kusoma meseji anajua sana, ila kwake meseji ni tangazo, si mazungumzo.

"Nataka simu itakayomwonyesha Mama mdomo wangu," Bobini aliniambia safari ilipokaribia. "Nisipoipata, siendi. Tiketi waitafune."

Ninamjua. Akisema haendi, haendi, hata kama sanduku limeshafungwa. Na hapa kwetu kazi haikuwepo tena. Kiwanda kilikuwa kimefungwa na mashine zimeuzwa. Nikamwambia kwamba simu yangu ina kamera na itabaki nyumbani na Mama, yeye anunue ya kwenda nayo. Tukaondoka wote watatu, na Mama, kwenda duka la simu.

Duka lilikuwa jembamba, kabati za vioo pande zote mbili, na kiyoyozi kikidondosha maji kwenye ndoo. Muuzaji alikuwa mwanamume mwenye nywele zinazong'aa na tai iliyoishia juu kidogo ya kitovu. Alimwamkia Mama kwa adabu zote, bahati mbaya kutoka mgongoni.

"Shikamoo, mama."

Mama akaendelea kutazama makava ya simu.

"Shikamoo, mama!"

Nikamgusa Mama bega, akageuka, akaona mdomo unamalizia. "Marahaba, baba!" akajibu kwa sauti iliyomfanya mteja wa nje achungulie. Mama hajui sauti yake imefika wapi.

Bobini alikuwa ameshafika kwenye simu anayoitaka. Alikuwa ameiona dirishani tangu zamani: nyembamba, ya rangi ya dhahabu, na sasa alikuwa ameikumbatia kama mtoto wa kuzaa. Muuzaji akaanza kutiririka. Megapikseli, betri, sijui kumbukumbu ya ndani.

"Kaka," nikamkatiza, "sisi tunataka kuona mdomo tu."

"Mdomo?"

"Mdomo. Mengine utawaambia wengine."

Alinitazama kama nimetoka bila viatu, lakini biashara ni biashara, akatuunganisha na mtandao wa dukani. Bobini akasogea hadi mlangoni na ile ya dhahabu, mimi nikampa Mama simu yangu. Picha ikaja. Mama akaisogeza, akairudisha nyuma, akakunja uso.

"Huyu nani?" akauliza.

"Bobini, Mama!"

"Si yeye. Huyu hana mdomo."

Nikachungulia. Kweli, simu ilikuwa imempiga wifi yangu pasi. Mashavu kama sahani, midomo ya waridi, na ile mikunjo pembeni mwa mdomo, ambayo Mama huisoma kama wengine wanavyosoma gazeti, imefutika yote.

"Hiyo ndiyo sifa yake!" muuzaji akasema kwa fahari. "Inalainisha sura yenyewe."

"Basi ikome kulainisha," Bobini akamwambia.

Muuzaji akabonyeza huku, akabonyeza kule. Wifi yangu akawa mweupe, akawa wa kahawia, akaota masikio ya paka. Mikunjo haikurudi. Nilicheka mpaka nikashika kabati. Ila Bobini hakucheka. Aliirudisha ile simu mezani polepole, na nikaona macho yanaanza kumlegea, kwa sababu alikuwa ameipenda na kwa sababu Mama alikuwa ameanza kufunga mkoba.

"Mwanangu, haidhuru," Mama akasema. "Nenda tu. Utaniandikia."

"Sitaki kukuandikia tangazo," Bobini akajibu kwa mdomo mtupu. Hilo hata mimi nililisoma.

Nikaja juu. Nikamwambia muuzaji atoe simu mbaya kuliko zote alizonazo, isiyojua urembo wala adabu. Akafungua droo ya chini na kutoa dude jeusi, nene, zito kama kufuli la ghala. Akasema lina kamera nzuri lakini watu hawalipendi, linaonyesha kila chunusi.

"Lete hilohilo," nikasema.

Bobini akavuka nalo barabara kabisa, akasimama chini ya kivuli cha duka la viatu. Picha ikaja na kila kitu chake: kovu la utotoni, mikunjo, na mabaki ya asubuhi kwenye jino. Akaanza kusema. Muuzaji akaona mdomo unakwenda na hakuna kinachotoka, jasho likamtoka. Akaongeza sauti. Akapuliza tundu la spika. Akaniomba radhi.

"Dada, naona sauti imekufa. Nikubadilishie nyingine?"

"Acha kama ilivyo."

"Lakini hasikiki!"

Mama akaangua kicheko hadi mkoba ukamdondoka. Nikamvuta mkono: anasema nini?

"Anasema," Mama akatangaza kwa duka na barabara, "tai ya kaka huyu imechoka njiani, haikufika!"

Muuzaji alijitazama tumboni. Nashukuru alikuwa muungwana. Alicheka naye, na kava akatupa bure. Bobini alirudi dukani akikimbia. Alilibusu lile dude jeusi, na ile ya dhahabu hakuigeukia tena.

Akasafiri. Siku za mwanzo hakupiga, mara laini haijasajiliwa, mara mtandao wa bwenini unasumbua, haya yote akiniandikia mimi. Mama akawa anaijia simu yangu kila saa, anaifuta kioo kwa upindo wa nguo, anairudisha.

Alasiri moja ikaita. Nikaiegemeza kwenye chupa ya chai, dirisha likimulika uso wa Mama, nikamkalisha. Bobini akatokea, amevaa sare mpya, nyuma yake ukuta mweupe. Picha ilikuwa safi. Alifungua mdomo, akamwona mama yake, na mdomo ukaanza kutetemeka. Ukapinda. Ukaenda upande.

Mama akainama mbele. "Eeh?" Akageuka kwangu, uso umemsawajika. "Anasema nini?"

Mwenye masikio nilikuwa mimi, na nilichosikia kilikuwa kilio tu. Nilipitisha kidole shavuni, kutoka jichoni hadi kidevuni.

Mama akaitazama tena ile picha. Kisha akaishika simu kwa mikono yote miwili na kusema, mtaa mzima ukasikia:

"Futa uso, mwanangu. Ukilia sikusikii."

Bobini akajifuta kwa mkono wa sare. Akabana midomo mpaka ikatulia, akaanza upya, taratibu, bila sauti. Mama akavuta kiti karibu.