Siku Mwenyekiti Alipovaa Kofia Kwenye Usaili wa Dada

Aibu niliyoipata Jumamosi ile sijaimaliza hadi leo, na ningekuwa na uwezo ningehama Makambako, lakini niko kidato cha tatu na pa kwenda sina, kwa hiyo nimeamua kuiandika mwenyewe kabla wenzangu hawajazidi kuitia chumvi (mmoja anasema nilikuwa nimepanda mgongoni, si kweli, nilikokotwa).

Dada yangu Upendo amemaliza chuo, ni daktari wa mifugo kabisa, na baada ya kukaa nyumbani hapa mtaani kwetu Mahongole akichanja kuku wa majirani kwa malipo ya "Mungu akubariki", akaona tangazo la hospitali moja ya farasi huko Arusha inayotafuta wahitimu wapya wa kuwapa mafunzo kazini. Masharti: uwe umehitimu juzijuzi, uwe na uzoefu wa muda mrefu na farasi, uje na mabuti yako, na usiulize mshahara. Farasi! Dada amemwona farasi mmoja tu maishani mwake, kule chuoni, tena mzee, darasa zima lilipanga foleni kumpapasa na foleni ilipomfikia yeye kipindi kikaisha. Lakini baba alishatangaza kanisani na kwenye mashine ya kusaga kwamba mwanawe anakwenda kuwa daktari wa farasi, na walipomuuliza hao farasi ni wa nani, akajibu, "Wenye nao wapo."

Usaili ukawa wa simu ya video. Daktari mkuu, mama mmoja mwenye sauti ya mwalimu wa nidhamu, alitaka amwone dada akimpima mnyama kwa mikono yake. Akishindwa, basi, mjomba alishamwandalia kazi ya kuuza dawa za kuku dukani kwake, na dada alikuwa analia usiku akidhani nimelala. Sasa hapa kwetu farasi hakuna, kuna punda. Dada akasema atamwambia daktari mkuu ukweli, punda na farasi ni ndugu, moyo uko palepale na kwato zinainuliwa vilevile. Mimi sasa, mtu ambaye mwalimu akiita majina naitika kidogo mpaka ananiandika sijafika, siku hiyo nikajikuta nina mawazo. "Dada, tumfunike tu. Kwenye simu nani atajua?"

Akaguna. Angeendelea kuguna ningekuwa na heshima yangu leo, lakini akasema, "Haya, ila ukinichekesha nakuua."

Punda tulimwazima kwa jirani, Baba Eliya, anayesombea watu viazi hadi sokoni. Anaitwa Mwenyekiti (punda, si Baba Eliya) kwa sababu akifika penye watu anasimama katikati mpaka wamtazame. Nikamtandika blanketi la mama mgongoni, nikalikaza kwa kamba chini ya tumbo, nikamvika kofia yangu ya sufu ili masikio yalale, na kwa baridi ile ya Juni wala hakuonekana wa ajabu. Kamba ya shingoni nikaizungushia mkononi niwe huru kushika simu.

Sasa, mtaa mzima unajua, na mimi nilijua, kwamba Baba Eliya hamfuati punda wake. Anamtwika, anakaza kamba, anarudi ndani kunywa chai, na Mwenyekiti anakwenda sokoni peke yake, vijana wa kupakia malori wanamshusha mzigo, anarudi. Ila kichwani mwangu blanketi ni blanketi. Kwa Mwenyekiti, kitu mgongoni na kamba tumboni ni kazi.

"Shikamoo Daktari," dada akaanza, "huyu hapa ni..." na huyu hapa akaondoka.

Akaondoka na mimi. Nikavuta, nikafunga breki kwa ndala, wapi! Nyuma dada anakimbia na koti jeupe, kipimo cha kusikilizia moyo kinarukaruka kifuani, na kwenye simu yule mama anauliza, "Mbona farasi anatembea? Mko wapi? Nani huyo anayehema?" Tukawapita wavulana wa darasani kwetu waliokaa kwa fundi baiskeli, wakasimama wote kama wimbo wa taifa unapigwa. Mama mmoja wa ndizi akapaza sauti kumsalimu kwa kilugha, "Kamwene, Mwenyekiti! Leo unaapishwa?"

"Na katibu wake yule, kashika simu!" akadakia mwenzake.

Ningekata simu, lakini nikikata nafasi ya dada imekwenda, kwa hiyo nikaishika tu na kulia kimoyomoyo.

Sokoni Mwenyekiti akasimama palepale pake. Kijana wa kupakia akafungua kamba, akainua blanketi, akauliza, "Sasa viazi viko wapi?" na kwa kukosa cha kushusha akashusha kofia. Masikio yakasimama yote mawili, yakajaa kwenye kioo cha simu.

"Binti," sauti ikatoka taratibu, "huyo ni nani?"

Dada hakuwa na pumzi ya kujibu. Soko zima linanitazama. Nikasema, "Ni punda, Daktari. Dada alitaka kukwambia ukweli, mimi ndiye niliyemfunika."

Watu walicheka mpaka mmoja akakalia nyanya za mwenzake. Yule mama akauliza jina la punda, nikamwambia, naye akacheka hadi akakohoa. "Haya, dada yako akishapumua aendelee. Si mgonjwa yupo?"

Dada akampima palepale kati ya magunia, akasikiliza moyo, akainua kwato moja baada ya nyingine huku akiongea naye polepole, na kwenye kwato ya nyuma akachomoa kijiwe kilichojibana. Soko likanyamaza (Mwenyekiti alifurahia sana).

"Upendo, nafasi ni yako," mama yule akasema, kisha akashusha sauti. "Na kwa kuwa leo ni siku ya kufunuana, farasi tunao wawili tu, na wana afya kuliko mimi. Kazi yetu kubwa ni punda. Tukiandika punda kwenye tangazo, haombi mtu."

Dada alisafiri Jumatatu. Stendi baba alimwambia kila abiria kwamba binti yake ni wa farasi, dada akainamia begi lake, nami nikatazama matairi ya basi. Shuleni sasa naitwa Katibu, mpaka na mwalimu wa jiografia. Nimeapa sitamsaidia tena mtu kumfanya yeyote aonekane zaidi ya alivyo, hasa kama anayefunikwa ana miguu yake minne na anaijua njia ya sokoni.